Aliyeninywesha Maji Hakuwa Malaika

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe, leo hata na mutu mwenye hasira. Maana mimi nina hasira. Nimesimama mbele yenu nikiwa hai, midomo yangu ikiwa bado na vidonda, na Bwana aliyeniokoa anajua sababu ya hasira yangu.

Kabla ibada haijaanza, muzee mumoja wa kanisa aliniita kando. Aliniambia nitoe ushuhuda mufupi, nimushukuru Mungu, lakini jina la mutu aliyenipa maji nisilitaje.

"Sema tu Mungu alituma malaika," aliniambia. "Inatosha. Watu watafurahi."

Nitalitaja. Ni Mama Feza. Yule yule tuliyemufukuza hapa Kabuta. Ninataka arudi, na sitakaa chini kabla ya kusema yote.

Munanijua. Mimi ni Kasongo. Nilitoka masomoni mwaka wa ine wa primaire, shule ya musingi, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nilichoka na fimbo yake. Tangu hapo sijatulia mahali. Nimevua samaki Pweto, nimechimba mawe Kolwezi, nimeuza sabuni Kasenga, na vita ilipoanza tena mwaka jana nilivuka ziwa pamoja na ninyi. Upande huu wa Zambia pia miguu yangu ilikataa kukaa. Kila nilipokuwa katika mutumbwi mbali na inchi kavu, niliona upande wa mashariki kilima kimoja cha jiwe tupu, kama kichwa kilichonyolewa. Nilimuuliza kila mutu. Mumoja alisema kule juu kuna shimo lisilo na mwisho. Mwingine alisema ni makao ya pepo. Nikawauliza kama wamefika. Hakuna hata mumoja aliyefika! Jambo hilo lilinikasirisha. Mutu anawezaje kuangalia kitu siku zote za maisha yake asiende kukiona?

Basi mwezi wa kumi, jua likiwa kali kabisa, niliamua kwenda peke yangu na kurudi siku ile ile. Wenzangu wa nyavu walinicheka. Mumoja aliniuliza kama nimesikia kwamba kule juu wanagawa mabibi bure.

Niliondoka mapambazuko kwa baiskeli, na mufuko wenye bukari baridi, ugali wetu, na bitoyo, samaki wetu wa chumvi. Maji sikubeba. Ndugu zangu, musicheke, maana hata ninyi hamungebeba. Sisi wanaume wa kando ya ziwa, ni nani kati yetu amewahi kubeba maji? Ukisikia kiu katika mutumbwi, unainama, unachota kwa mukono. Ukitembea, ziwa linatembea kando yako. Maji ya nyumbani yanabebwa na wanawake, na sisi hatuulizi hata uzito wake.

Katika kijiji cha mwisho niliacha baiskeli kwa mama mumoja Mubemba. Aliangalia mufuko wangu, akaniuliza chupa yangu iko wapi. Nilimwambia nitakunywa mutoni. Akanijibu kwamba mito ya upande ule imekauka yote mpaka mvua irudi. Nilifikiri anataka kunitisha tu.

Pori lilikuwa limeungua. Nilitembea ndani ya majivu, na kila muto niliovuka ulikuwa muchanga na mawe. Kisha majani yakaisha, miti ikaisha, likabaki jiwe. Jiwe juu ya jiwe, lenye moto kama sufuria, hata mijusi walikuwa wanainua miguu kwa zamu. Niligonga jiwe moja kwa lingine likalia kama kengele, nikafurahi kama mutoto, nikapoteza wakati mwingi nikigonga. Nikala bitoyo nikipanda. Chumvi!

Saa sita nilifika kileleni. Na huko niliona nini? Si shimo, si pepo. Ni nguzo fupi ya simenti yenye namba. Muzungu mumoja wa kupima ardhi alikuwa amefika zamani, akaandika namba zake, akashuka. Na sisi tunakaa kule chini tunatishana na pepo! Niliipiga nguzo ile teke, nikaumiza kidole.

Nilipogeuka nililiona ziwa lote, jeupe ndani ya moshi wa pori, toka mwisho mupaka mwisho. Ulimi wangu ulikuwa umeshikamana na kinywa. Maji yote yale, na hata tone moja lisingeweza kunifikia. Hapo nilimukasirikia Mungu. Nilimuuliza kwa sauti kubwa kwa nini aliumba miguu inayotaka kutembea na koo linalotaka kunywa katika mwili mumoja. Nilimwambia na mengine, ambayo sitayarudilia mbele ya watoto.

Katika hasira ile nilishuka upande usiofaa. Niligundua kwamba nimepotea jasho lilipokuwa limekwisha kutoka. Ngozi yangu ilikuwa kavu kama karatasi. Nilianza kuona mitumbwi kati ya miti, watu wakiniita nipande. Niliweka kijiwe kinywani, hakikuleta mate. Ndugu zangu, mimi mutu wa maji tangu kuzaliwa, nilikuwa ninakufa kwa kukosa maji! Nilikaa chini ya muti usio na majani, nikasema, Bwana, kama unanichukua, nichukue upesi.

Ndipo nilisikia harufu. Haikuwa moshi wa pori lililoungua. Ilikuwa moshi muzito wa udongo na kuni mbichi, moshi wa tanuru ya makala, makaa ya kupikia. Palipo tanuru pana mutu. Niliifuata harufu ile kwa mikono na magoti, mpaka nikamuona mwanamuke akiziba matundu ya tanuru kwa jembe, uso wake mweusi kwa masizi. Alisimama akaniangalia.

"Kasongo," alisema. "Ni weye."

Ilikuwa Mama Feza.

Munakumbuka, au mumejisahaulisha. Upepo ulipindua mutumbwi wa mume wake, na mwili ulipotokea, ndugu za mume wakasema ni yeye aliyemula kwa uchawi. Wazee wetu wa kanisa wakamwambia akae mbali mpaka Roho aonyeshe. Tangu siku ile ni nani aliyemuuliza Roho tena? Vyombo vyake vilitupwa inje. Na aliyefunga muzigo wake juu ya baiskeli na kumufikisha njia panda ni mimi. Mimi ninayeuliza kila kitu! Siku ile sikumuuliza hata anakwenda wapi. Nilimuacha pale kando ya barabara na muzigo wake, nikarudi kuvua.

Sasa alileta bidoni, dumu lake la maji. Alijaza kifuniko chake kidogo, akakiweka kinywani mwangu. Kifuniko kimoja. Kisha akakaa chini, bidoni ikiwa nyuma ya mugongo wake.

"Ngoja," aliniambia. "Ukikunywa mbio, tumbo itarudisha yote, na miye sina ingine."

Nilimurukia, nikaanguka, sikuwa na nguvu. Na hapo, mbele ya Mungu ninasema kweli, nilimwita muchawi. Nilimwambia, "Muchawi weye, walisema kweli, unataka kuniua."

"Tukana tu," alisema. "Kinywa yako imeanza kupata mate. Ni vizuri."

Akanipa kifuniko cha pili. Akaendelea hivyo mpaka jua lilipoinama, kifuniko baada ya kifuniko, na katikati anakwenda kuziba tanuru yake isiharibike, anarudi. Nilipopata akili niliinua bidoni. Ilikuwa karibu tupu. Nilimuuliza kisima kiko wapi, akanionyesha bonde la mbali: anatoka jua likichomoza, anarudi saa sita. Yale maji yalikuwa yake ya siku mbili. Aliyamaliza juu ya mutu aliyemubebea muzigo wa kufukuzwa.

Na ninyi munataka niseme malaika. Malaika hakohoi kwa moshi wa makala! Malaika hana malengelenge mikononi! Mukitaja malaika, hakuna mutu hapa atakayeona haya, ndiyo sababu munamupenda.

Nilimwomba Mama Feza musamaha, na alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Nilimwomba turudi pamoja. Alikataa. Alisema neno moja tu, na nimelibeba mpaka hapa.

"Miye sikujitoa. Bale balinitoa banajua njia."

Wale waliomutoa ni sisi. Ndugu zangu, Mungu aliniponya kiu, na hata ujinga wa kuuliza juu ya mawe nisiulize juu ya watu. Ninamushukuru kwa moyo wangu wote. Lakini ushuhuda huu haujaisha, na hautaisha kwa haleluya. Sitaki muniwekee mikono, sitaki munipigie makofi. Kesho jua likichomoza nitakuwa njia panda, nikielekea kwake. Ninataka tumufikie kwa miguu yetu, tumuombe musamaha pale mbele ya tanuru, tubebe muzigo wake sisi wenyewe, na akae ndani ya kanisa hili mahali alipokuwa anakaa. Muzee uliyeniita kando, ninakuheshimu, na ni wewe uliyemusomea maneno ya kumufukuza. Ninakuomba utangulie mbele yangu.

Mwaminini Mungu. Mimi nilimutukana juu ya jiwe na hakuniacha. Hatawaacha ninyi kwa kuomba musamaha. Atakayekuja kesho asimame sasa, tumuone. Mimi nimekwisha kusimama.