Mfuniko wa Maziwa

Natangaza rasmi, kama kiranja wa bweni niliyedumu madarakani siku tatu, kwamba sina tabia ya kusikiliza mazungumzo ya watu. Jana kwenye basi nilisogeza tu sikio karibu na kiti cha mbele.

Fundi bati alikuwa amepakata mfuko. "Mama, nimebuni mfuniko. Maziwa yachemke yatakavyo, hayamwagiki! Naenda ofisi ya kusajili uvumbuzi, ingawa sioni maana. Mtoto nimzae mimi, cheti anipe karani?"

Mama wa pembeni yake, mtengeneza sabuni, alicheka. "Cheti ndicho ngao, kaka. Kiwanda kizima kilitaka kuninyang'anya nembo yangu ya kunguru. Karani, binti mdogo tu mwenye miwani, akafungua daftari, akawaambia wale wenye suti: huyu mama alitangulia, tafuteni ndege mwingine. Ofisi ile haitishwi na vitambi."

Hapo hata mimi nilitamani kumpigia makofi yule karani.

"Basi tazama," fundi akauchomoa mfuniko, "siri iko kwenye haya matundu..."

"Urudishe! Wanasajili kitu kipya. Ukishakianika hadharani, upya wake umekwisha."

"Hadharani wapi, mama? Nyuma yupo mwanafunzi tu, anafanya hesabu."

Basi likasimama mbele ya ofisi. Mama akageuka, akaninyooshea kiganja. Nakiri, haikuwa hesabu. Nilichana ukurasa nikampa: mchoro wa mfuniko mzima, matundu yake saba, na chini yake jina la mvumbuzi.

Jina langu.