Miaka Ishirini na Miwili ya Bi. Parul Mondol

Bi. Parul Mondol anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kwenye mitambo ya kufuma magunia ya kiwanda chetu hapa Khulna. Ishirini na miwili kati ya hiyo ilipotea Jumanne iliyopita, tarehe 17, saa nne na robo asubuhi, kwenye dirisha la ofisi ya utumishi. Nilikuwapo. Mpaka leo siamini masikio yangu.

Alikwenda kuchukua barua ya kustaafu. Karani, Bwana Anisur, akatazama kompyuta, akamwambia ana miaka kumi na miwili tu.

“Kabla ya hapo kuna mwanamume, mama. Alitoroka kazini. Wewe ukaajiriwa kesho yake.”

“Nilitoroka kwenda wapi, mwanangu? Kutoka mtambo namba tisa mpaka mtambo namba tisa?”

“Basi aje mwenyewe na kitambulisho. Au lete cheti chake cha kifo.”

Bi. Parul alicheka mpaka akashika dirisha. Kisha akaketi kwenye ngazi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameketi saa za kazi.

Jina la huyo “mtoro” silitaji. Alilivua mwenyewe, na sote tunajua lilikuwa la nani. Kipande chake cha shaba, chenye namba ya mfanyakazi, ni 614 tangu siku ya kwanza. Mtu mmoja, kipande kimoja, mtambo mmoja. Mimi Motaleb niliingia hapa nikibeba vibiringi vya nyuzi, hesabu nikajifundisha mwenyewe kwenye mizani, na ishirini na mbili kujumlisha kumi na mbili hainishindi.

Wageni wajue alikotoka. Miaka kumi na miwili iliyopita aliingia zamu ya asubuhi, kwa mara ya kwanza amevaa sari, ya kijani. Mstari wetu una mitambo kumi na minane. Kumi na saba ilisimama dakika arobaini, watu tumekodoa macho, nami nikiwamo. Mmoja tu uliendelea kunguruma: wa kwake.

“Sasa wewe tukuite nani?” Hashem, msimamizi wetu, alimkejeli.

“Niite ukiwa na kazi.”

Miezi miwili hakupata mtu wa kunywa naye chai. Foleni ya wanaume ilimfukuza, ya wanawake ikamtazama tu, naye akasimama katikati na kikombe kitupu, mpaka Rokeya wa vibiringi alipomvuta mkono: “Wewe dada, chai haikungoji! Pita mbele yangu, ila biskuti usinimalizie.” Tangu hapo akawa dada Parul. Hata Hashem, nyuzi zilipomkatikia mbele ya wanunuzi, alipaza sauti, “Dada Parul, niokoe!”

Fundo lake la kuunga uzi ni dogo, halikwami popote. Amewafundisha watu mia moja na saba, nimewahesabu. Kumi na mmoja ni hijra wenzake, walioitwa wanaume walipozaliwa nao wakaishi kike, ambao walikuwa wakipiga makofi madukani wapewe sarafu. Aliwaingiza kwa meneja akasema, “Wape wiki mbili. Wakishindwa, nifukuze mimi.” Hakufukuzwa mtu. Leo wako mstari wa sita, wenye kasoro chache kuliko mistari yote.

Desturi yetu inajulikana. Mwenye miaka thelathini ya kazi au zaidi hutoka kwa lango kuu, zamu nzima nyuma yake, jina na miaka yake vikaandikwa ukutani kwa rangi. Aliyepungukiwa hutokea mlango wa stoo. Kwa kumi na miwili, dada Parul atapita stoo, kati ya marobota. Na wale kumi na mmoja wanatazama, kwani sita kati yao waliajiriwa kwa majina yao ya zamani.

Dada Parul, asante kwa kila fundo. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na king'ora, na wageni wa chai wasiokwisha.

Bwana Mkuu wa Utumishi, rangi imeshanunuliwa na mchoraji anangoja namba. Ni 34 au ni 12? Andika moja kwenye ubao wa matangazo, uweke sahihi yako, kabla ya saa sita mchana, Alhamisi tarehe 26.