Kiguu na Njia na Ndege ya Sebuleni

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Haya mtakayoyasikia yamesimuliwa na mjane, mimi mdogo wake marehemu nimepewa kazi ya kuyasoma tu, na mjane ametoa agizo moja, kwamba yasomwe kama yalivyokuwa, bila kutiwa chumvi wala sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne wa dereva wa treni ya mizigo na mkewe mkunga, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla ya kujua anakokwenda. Jina la Kiguu na Njia alipewa na bibi yake, likamganda shuleni, likamfuata kazini, na mkewe naye hakumwita vingine isipokuwa siku za hasira, ambapo alimwita kwa jina lake kamili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, ambako mwalimu wa darasa la tatu alimkalisha mlangoni kabisa, akisema kama ni lazima atoke basi atoke bila kuwakanyaga wenzake, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akapata nafasi ya kusomea urubani ng'ambo, akarudi baada ya miaka mitatu na leseni mfukoni na kiatu kimoja mkobani, cha pili alikuwa amekisahau uwanjani kwa haraka ya kufika.

Alianza kazi katika ndege ndogo za kubeba barua na dawa, kisha mwaka 1996 akaajiriwa kuwa rubani msaidizi katika kampuni ya kukodisha ndege, kwenye jeti ya injini mbili yenye viti vinane vya ngozi, iliyobeba wakurugenzi, wafanyabiashara, na siku moja bwana harusi aliyekuwa amechelewa harusi yake mwenyewe. Aliipenda ndege ile hata mkewe akawa anaiulizia hali kila jioni, kama mtu anayemjulia hali mke mwenza.

Mkewe huyo, fundi cherehani, alimpata kwa suruali ya sare iliyochanika, maana aliipeleka dukani kwake, akaambiwa asubiri, naye akaanza kuizunguka meza mpaka fundi akainua kichwa na kumwambia, "Kaka, unanichosha macho, kaa au nenda." Alikwenda, kesho yake akarudi na suruali nzima isiyo na tundu hata moja, na tarehe 20 Oktoba 1990 wakafunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1992 na wa pili mwaka 1995.

Tarehe 14 Agosti 2004 marehemu alianguka kifafa akiwa kazini. Madaktari walimpa dawa, dawa zikamkubali, kifafa hakikurudi tena, lakini leseni nayo haikurudi, na kuhusu siku ile yeye mwenyewe hakusema zaidi ya hayo. Aliuza bima, akaacha, akasimamia ujenzi, akaacha, akafuga kuku ambao walikonda kwa kuhamishwa banda kila wiki, na injini yoyote ikipita angani alitoka nje na kijiko mkononi, akarudi chakula kimepoa na hasira zimechemka.

Mwaka 2006 aliyatoa makochi sebuleni na kuanza kujenga chumba cha rubani cha jeti ile ile, pua ya mbao za plaiwudi, skrini tatu kubwa za kompyuta zilizoigiza anga na viwanja mahali pa vioo, sukani mbili, viti viwili vilivyong'olewa kwenye basi dogo bovu, ambavyo alimbembeleza mkewe avishonee kitambaa cha kijivu, na swichi moja moja, kila moja mahali pake na kwa ugumu wake, maana kama kule angani kitufe kilihitaji kubonyezwa kwa nguvu, hata hapa lazima kidole kiumie. Dashibodi ya juu ya kichwa aliijenga akaibomoa, akaijenga tena akaibomoa, akizunguka nyumba nzima na bisibisi mdomoni, akijibu maswali ya watu kwa kutikisa kichwa. Nyumba ilijaa waya, ikakosa mume, na Machi 2008 mkewe akabeba cherehani, akaacha nguo, akahamia kwa dada yake, na dada alipoona kilichobebwa na kilichoachwa akajua kwamba hii si hasira ya kupoa kesho.

Wiki zikapita, kisha marehemu akafika na kusimama mlangoni, akamsalimu shemeji yake, akamgeukia mkewe na kusema, "Ndege ile haiendeshwi na mtu mmoja, sheria inataka marubani wawili, nami siwezi kuvunja sheria." Mkewe hakuondoa mguu kwenye cherehani, akamjibu, "Wewe unataka rubani, mimi nataka mume, sasa nani aanze kupata?" Marehemu alitazama sakafu, akasema, "Njoo uone, mle ndani huwa nakaa." Mjane anasema yote mengine angeyapuuza, ila neno hilo la mwisho ndilo lililomwinua.

Basi mwanamke aliyeogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu akajifunza kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na kila Jumamosi mchana walifunga mikanda, wakazima simu, wakaruka, na safari kama ni ya saa tatu basi ni saa tatu kweli, hakuna kuruka kipande wala kuharakisha saa. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa na mume aliyeketi ubavuni pake asiweze kuinuka, kwa sheria aliyojitungia mwenyewe, na humo ndimo walimozungumza habari za mabinti, za paa linalovuja, za mimba iliyoharibika mwaka 1998 ambayo hawakuwahi kuilia pamoja. Mkewe ndiye aliyeigiza pia sauti ya mnara wa kuongozea ndege, akimwambia, "Zunguka huko huko juu, mimi bado napiga pasi." Hata wakwe wa binti wa kwanza walipokuja kujitambulisha mwaka 2015, baba wa kijana aliomba kujaribu kidogo, na mazungumzo ya ndoa yakasubiri mpaka alipotua.

Hata hivyo kila safari aliimalizia kwa kutua kwenye uwanja mmoja wa kando ya ziwa, katika mvua, na hata atue vizuri namna gani alifungua mkanda papo hapo na kutoka kwenda kuzunguka mtaa. Siku moja mkewe alimshika mkono kabla hajainuka, akamuuliza kuna nini pale, na marehemu akasema kwamba ndipo kifafa kilipomwangukia, wakiteremka, watu wanane nyuma yao, akaja kuzinduka yuko kwenye machela. "Wote waliokuwemo wanajua tulivyotua," akasema, "isipokuwa mimi." Nahodha wake alipoulizwa alimjibu tu kwamba walitua, basi.

Mkewe hakumpa pole. Jumatatu yake alimtafuta nahodha yule, mstaafu sasa, akamwalika, akamketisha kiti cha kushoto, akamwambia, "Mzee, tua kama ulivyotua siku ile, na useme kila unachofanya." Nahodha akatua jasho likimtoka, na magurudumu yalipogusa ardhi akamgeukia marehemu, "Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kukutonesha, lakini jua hili, magurudumu ulikuwa umeshayashusha, kazi yako uliifanya, ndipo ukaanguka, na mimi sikuwa na mkono wa tatu wa kuyashushia." Marehemu alitoka akazunguka mtaa kama kawaida, ila alirudi mapema, akaketi, akala na mgeni sahani nzima. Wiki iliyofuata aliibomoa tena dashibodi.

Januari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kitanda alikichukia, akaomba Jumamosi apelekwe kwenye kiti chake, kisha miguu ilipozidi kuisha nguvu akakiachia cha kushoto kwa mkewe, akahamia cha kulia. Jumamosi yao ya mwisho, Mei 2023, mkewe alikuwa akiteremka kuelekea ziwani akasubiri mumewe amtajie kimo cha ndege, kimya, akageuka, akamwona amelala, mdomo wazi, vipokea sauti masikioni. Hakumwamsha. Alishusha magurudumu mwenyewe, akatua mwenyewe, kwa kishindo kidogo, kisha akaacha injini zikilia mpaka jioni, kwa sababu aliogopa kwamba ukimya ungemwamsha.

Marehemu alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 6 Juni 2023, mabinti wake wakiwa wamemshika mikono. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na ndege ambayo haijakamilika.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliokubali kutembea naye koridoni huku wakimsukumia chupa ya maji ya dripu, inawashukuru majirani waliovumilia miaka mingi ya injini bila ndege, marubani wenzake walioleta swichi kuukuu kila walipotutembelea, na nahodha, ambaye yupo hapa pamoja nasi.

Kaka, umetukimbiza vya kutosha. Pumzika sasa, na amani ikukute popote ulipo, hata kama bado hujaketi.