Alivyozoea Kukagua

Kwenye kiti cha mbele yangu basini alikaa mama mmoja, tiketi mbili za ndege mkononi. Alikuwa akimweleza habari zake fundi viatu aliyekaa naye, mtu ambaye hata hakumjua.

"Baba yangu alikuwa rubani wa vita. Vita vilipokwisha akashuka, na hajapanda ndege tena. Akasoma, akawa profesa, akatunga mashairi. Vita vyote vimo humo, ila ndege haitaji hata mara moja."

"Basi mwache mzee wa watu, dada. Kumpandisha ndege sasa ni ukatili."

"Mdogo wangu kajifungua ng'ambo, mtoto kapewa jina la babu yake. Mzee anatamani kumwona, ila anaogopa. Nimemwambia anisubiri kituo kijacho na begi. Asipokuwepo, sitamsumbua tena."

"Hatakuwepo. Mimi nilianguka kutoka kwenye ngazi mara moja tu, na mpaka leo taa za nyumbani anabadilisha mke wangu."

Nilimwamini. Waoga tunajuana.

"Alikuwa rubani mzuri?" fundi akauliza.

"Mwangalifu mno. Alikuwa haruki mpaka aizunguke ndege yake na kuyagusa magurudumu yote. Wenzake walimcheka, lakini yeye ndiye aliyerudi."

Basi likasimama. Kituoni hapakuwa na mtu. Mama akazikunja tiketi.

Dereva akapiga honi. "Mzee, unatafuta nini huko nyuma? Panda twende!"

Nikachungulia dirishani. Mzee aliyevaa tai, begi begani, alikuwa akilizunguka basi letu, akigusa gurudumu moja baada ya jingine.