Kupunga Upepo kwa Bwana Walter

Benchi letu pale Nanganga ni mlango wa zamani wa godauni la korosho, umelazwa juu ya matofali, na Jumapili haukosi watu. Uhuru ulikuwa na miaka mitano. Siku hiyo tulikuwa na kesi ya Mzee Safari. Mama yake amezikwa pale kilipokuwa kijiji chetu zamani, na pale sasa ni ndani ya msitu wa mitiki wa Mzungu mmoja, Bwana Walter. Kila mwaka kabla ya mvua, Safari huenda kufagia kaburi. Mwaka huu, siku ya Ijumaa, amekuta geti, mlinzi na kibao: KUPUNGA UPEPO SHILINGI MOJA. SHUGHULI NYINGINE MARUFUKU. Shilingi anayo. Anachokataa ni kumwambia mlinzi kwamba anakwenda kwa mama yake kupunga upepo.

— Lipa, ingia, fagia, toka, alisema Apolinari, katekista mstaafu tunayemwita Kamusi, kwa kuwa hajawahi kukiri neno limemshinda. Upepo utakupiga tu humo ndani. Hutakuwa umesema uongo.

— Na mama akiniuliza nimeingiaje? alisema Safari.

— Mwambie kwa tiketi.

— Kamusi, kunywa kahawa yako, alisema Mama Esha, mwenye birika.

Mussa, tunayemwita Redio kwa kupenda habari, alikuwa anaingoja zamu yake.

— Hamjakisoma kibao vizuri. Ile U mchoraji kaizidisha. Ni kupunga pepo. Walter kaajiri mganga. Hamwoni wageni wa Lindi wanaingia wamenuna, wanatoka wanacheka?

— Wanacheka kwa sababu wameshiba, alisema Mama Esha. Wanaingia na vikapu vya kuku.

— Kuku wa rangi gani?

— Wa kukaanga, bwana.

Kamusi akatikisa kichwa.

— Mzungu hapungi pepo. Anauza upepo wenyewe. Jani la mtiki pana vile la nini? Ule ni mtambo. Upepo wa kwao umeharibiwa na viwanda.

— Na Mreno je? alisema Redio. Newala wanasikia mizinga ng'ambo ya Ruvuma. Hawa wageni hawakati kuni, hawachumi uyoga, wanatembea wakitazama juu. Wanaangalia ndege za Mreno, hao. Mtu mzima hatembei msituni bure.

— Si bure, alisema Mama Esha. Analipa shilingi.

— Basi ndiyo mbaya zaidi.

Mwisho Kamusi akakata shauri: Safari avae kofia, ashike bakora, atembee polepole akitazama juu.

— Na ufagio? aliuliza Safari.

— Kwenye kikapu cha kuku.

Safari akacheka. Nilifurahi, maana tunampenda mzee huyu na alikuwa hajacheka tangu Ijumaa.

Hapo akatokea Mwalimu Ambakisye, aliyehamia juzi kutoka Tukuyu, viatu vyake vyekundu kwa vumbi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, Mwalimu. Watoka wapi na jua hili?

— Kwa Bwana Walter. Nimepunga upepo.

Tulimtazama wote. Redio akataka kujua kama mganga yupo leo.

— Ndani sikukuta mtu. Nimekuta kaburi moja tu, limefunikwa kabisa na majani. Kwetu hatulipiti kaburi la namna hiyo. Nimevunja tawi nikafagia kidogo. Akapokea kikombe chake, akapuliza. Huyo marehemu, wazee wangu, hakuacha mtoto?

Kamusi alitafuta neno, akalikosa. Mama Esha akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Safari aliweka kikombe chini, akasimama.

— Unakwenda wapi? nilimwuliza.

— Msituni.

— Mlinzi utamwambia nini?

— Nitamwambia nina mama humo.