Asali ya Mguu: Maisha ya Wenceslaus Luhende, 1899–1958

Wenceslaus Luhende amerudi Lusu, alikozaliwa mwaka 1899, msimu wa kurina asali. Siku yenyewe haikuandikwa. Iliyoandikwa ni siku ya ubatizo wake, tarehe 28 Septemba 1908, na jina la mtakatifu wa siku hiyo likawa lake.

Alijifunza kusoma na kuhesabu katika shule ya misheni hadi mwaka 1914, vita vilipowatawanya walimu. Masomo yaliyobaki aliyapata kwa baba yake, msituni.

Kila ukoo wa warina asali una alama yake, inayochongwa kwenye mzinga. Ya ukoo wa marehemu ni mikato mitatu chini ya tundu la nyuki. Mtu akiukuta mzinga wenye alama ya wengine hupita, hata kama mwenyewe alifuata misafara ya pwani na hajaonekana kwa miaka. Msitu haukuwa na polisi. Ulikuwa na aibu. Marehemu alikua akiamini kwamba alama hujilinda, popote.

Tarehe 7 Januari 1926 alifunga ndoa na Imakulata, wakahamia Chemchem, Tabora. Walinunua asali ya ndugu zao, wakaitia makoponi, na kuipeleka kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa meli hadi Albertville, Kongo. Kila kopo lilikuwa na ile mikato mitatu. Imakulata alionja kila mzigo kwa kidole. "Hii imekula moshi," alikuwa akimwambia mumewe. "Kampelekee mama yako, yeye anakupenda." Naye aliubeba mzigo na kurudi nao, akicheka.

Mwishoni mwa mwaka 1951 habari zilikuja kwamba mfanyabiashara mmoja wa Albertville alikuwa akiuza sukari iliyochemshwa kwa alama ileile, na tayari alikuwa ameomba kuisajili. Akikubaliwa, asali ya Tabora ndiyo ingeitwa ya bandia. Marehemu alikwenda kwa Bachubai, mjane aliyemuuzia makopo.

"Lakini kila mtu anajua ni ya kwetu!"

"Kila Mnyamwezi, Bwana Luhende. Karani wa Albertville hajapanda mti wa mzinga hata mmoja. Huko anayewahi kuandikisha ndiye mwenyewe. Panda treni, acha kunilalamikia!"

Alikwenda. Karani alimwuliza kama alama ilikuwa yake peke yake.

"Ni yetu."

"Yetu na nani?"

"Na ukoo. Baba aliikuta, na babu aliikuta."

"Mzee, sema ni yako, nigonge muhuri, tukale."

Neno moja tu, na soko la jasho la miaka yote lingepona. Hakulisema. Aliomba muda, akaja hapa Lusu kwa dada yake mkubwa, Kashindye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nasikia unataka kumwandikisha baba yetu kuwa mali yako."

"Nisipofanya hivyo, Kongo imekwenda."

"Na ukifanya? Wanangu wakichonga mzinga waje Chemchem kukupigia magoti?"

Marehemu alikaa uani kwa dada yake mpaka jua likazama, kisha akaaga.

Huko Albertville alimwambia karani kwamba alama haikuwa ya mtu mmoja, wala haingekuwa. Karani aliandika hivyo, na kwa sababu hiyohiyo ombi la yule mfanyabiashara nalo likaanguka. Lakini sasa yeyote aliweza kuibandika kwenye sukari yake, na marehemu alibaki na asali isiyo na jina. Ndipo alipovua kiatu. Mguu wake wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Shoka lake mwenyewe lilikikata ujanani, akichonga mzinga.

"Huu," alisema, "ni wangu peke yangu."

Unyayo wa vidole vinne ulisajiliwa tarehe 19 Juni 1952.

"Nani atakula asali iliyokanyagwa?" Kashindye alimwuliza. Mwaka wa kwanza makopo mengi yalirudi kama yalivyokwenda. Mwaka wa pili kina mama wa Albertville walikuwa wakiomba dukani asali ya mguu, na habari hiyo ilimfurahisha kuliko sifa yoyote aliyopewa.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba 1957. Alilazwa hospitali Tabora mara mbili, akaomba kurudi nyumbani. Alifariki Chemchem tarehe 11 Agosti 1958, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Imakulata.

Ameacha mke, Imakulata. Dada yake Kashindye. Watoto Tobias, Getruda na Raymundi. Wajukuu, na ndugu wote wanaochonga mikato mitatu.

Wiki yake ya mwisho Tobias alimwuliza: "Baba, tuendelee na mguu?"

Alicheka hadi kikohozi kikamshika.

"Wewe una vidole vyote, mwanangu. Utawaambia nini watu?"

Basi mguu tunauzika naye leo. Mungu aliyemuumba ampokee, na amlaze kwa amani.