Mathe na Gama ya Nusu

Miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata siku moja aliyokubali kuambiwa eti kompyuta imesema. Tarehe 30 Juni 2008, Bi. Rajinder Kaur Sagoo anastaafu kutoka kitengo cha takwimu cha kituo chetu cha utafiti wa mbegu hapa Nakuru. Niliombwa niandike kwamba ni mpole. Siandiki uongo.

Aliajiriwa mwaka 1977, enzi za kalkuleta ya kuzungushwa kwa mkono. Tangu kompyuta ya kwanza ifike, kila asubuhi, kabla hajavua sweta, huiuliza swali moja: gama ya nusu ni ngapi? Gama ni hesabu iliyojificha ndani ya majaribio mengi ya takwimu, na jibu la nusu ni 1.77. Tulimcheka, tukayaita maombi ya Mathe, maana sote tulimwita hivyo, mama yetu. Chai yake ilipoa, naye akasema chai hupashwa moto, jibu baya halipashwi.

Oktoba mwaka jana tukaletewa mashine mpya. Programu yetu ya takwimu ikabidi ipitishwe kwenye kompaila mpya, ile inayogeuza programu kuwa lugha ya mashine, na kumbe haikuwa na gama kabisa! Pengo likazibwa kwa fomula fupi. Kwa namba kubwa ilijibu sawa. Kwa ndogo ilidanganya. Wiki hiyohiyo matokeo yakatoka: kiazi chetu kipya kimeshinda ugonjwa wa kuoza majani. Hema likakodishwa, mgeni rasmi akaalikwa, wakulima wa Dundori wakaahidiwa mbegu.

Asubuhi ya kwanza Mathe alipoketi mbele ya mashine hiyo, akauliza swali lake. Mashine ikajibu 1.52.

Akakataa katakata kutia sahihi matokeo ya kiazi. Mkurugenzi akamwambia mashine ni mpya, aliyezeeka ni yeye. Akajibu kuwa huyo mzee anajua kuhesabu. Akarudia kila kitu kwa majedwali na penseli: kiazi hakikuwa kimeshinda chochote. Hema likarudishwa. Kisha akaandika gama yake mwenyewe, akaijaribu kwa kompaila tatu hadi zote zikakubaliana. Ndiyo tunayotumia leo. Na mvua za Aprili zilipokuja, kiazi kile kilioza robo ekari ya shamba letu, badala ya Dundori nzima.

Ripoti yake haikumtaja aliyeandika fomula ile mbovu. Ni mimi, Kimutai. Alijua. Aliniwekea kiti kando yake, akanifunza upya siku kumi na moja, bila kunisamehe hata desimali moja.

Asante, Mathe. Pumzika huko Milimani, uwasahihishe majirani. Tarehe mosi Julai, kabla sijavua sweta, nitaiuliza mimi.